Tomi wetu mzee hainuki tena, nimuite daktari wa sindano au tumuache ende mwenyewe?

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Nnaandika kutoka Makunduchi. Tuna mbwa wetu Tomi ana miaka 13, marehemu mume wangu alimleta mdogo kabisa kwa ajili ya kulinda shamba la mihogo na kima, na kazi yake kaifanya vizuri mpaka juzi juzi. Tokea mwaka jana miguu ya nyuma imelegea, kuinuka mpaka asaidiwe, usiku anajikojolea, amekonda, macho yamekuwa meupe. Kaka yangu anasema atampiga rungu moja tu yaishe, mama anasema ni kazi ya Mungu tumuache, na binti yangu wa miaka 9, alomfungia uzi wa nyavu wenye kauri shingoni, kila tukianza kuzungumza anatoka nje. Nifanye nini, na lini?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, na pole sana, pole ya mume na pole ya hili pia, maana nnaona kwenye barua yako haya mawili yamefungana, mbwa alieletwa na marehemu anakuwa amebeba kitu cha marehemu, na kumuaga yeye ni kama kuaga mara ya pili. Mimi kazi hii ya mifugo nnayo miaka 24, mwanzo Pemba baadae huku Unguja, ng'ombe mbuzi na punda ndo wengi lakini mbwa wazee nao nimewatibu si haba, na hilo swali la nifanye nini nnaulizwa kila mara, ila hiyo "na lini" uloiweka mwisho ndo watu hawaiulizi, na ndo yenye kazi.

Kabla hatujafika huko, hebu tuhakikishe kwanza kama huo ni uzee kweli. Nnasema hivi kwa sababu mara nyingi naitwa nikammalize mbwa mzee, nikifika nakuta homa ya kupe. Hawa kupe wa kahawia huku kwetu wapo mwaka mzima, na homa wanayoileta inamkausha mbwa taratibu, anakonda, anachoka, miguu inakataa, ukimfunua mdomo ufizi umepauka, na wengine damu inawatoka puani, mtu yeyote akimtizama atasema kazeeka huyu basi. Na dawa ipo, doksisaiklini, ile ile wanayopewa watu, anapewa kwa uzito wake kila siku kwa wiki nne akiwa keshakula, na wapo mbwa niliowaacha wamelala hoi jamvini, nikarudi baada ya siku chache nikapokewa kwa mkia. Kwa hiyo leo leo mfunue mdomo Tomi. Bonyeza ufizi kwa kidole mpaka pawe peupe halafu achia, rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili. Akiwa amepauka, au anakohoa na kuchoka kwa hatua chache (huyo nnamshuku minyoo ya moyo, inaletwa na mbu), au anamaliza kata nzima ya maji halafu anataka tena na mdomo unanuka vibaya, hiyo inaweza kuwa figo, basi yote hayo yanataka kupimwa damu, si ya kukisia, muone afisa mifugo wa wilaya yako achukue damu au akuelekeze pa kwenda.

Macho meupe peke yake yasikutishe. Mbwa wazee wengi kiini cha jicho kinaingia ukungu wa kibuluu na bado wanaona. Mrushie kipande cha pamba, kitu kisicho na sauti, ukiona anakifuata kwa macho basi anaona.

Halafu neno la hadhari. Wewe unasema Tomi anadhoofu mwaka sasa, na hilo linanituliza, kwa sababu kichaa cha mbwa hakikai mwaka, mbwa akishaonesha dalili kwa kawaida hamalizi siku kumi. Lakini msomaji mwengine ambae mbwa wake miguu imelegea ghafla, siku mbili tatu tu, mate yanamchirizika, taya limelegea, sauti imebadilika, huyo usimfunue mdomo wala usimlishe kwa mkono, mfungie watu wasimfikie umuite afisa mifugo. Na kama keshakuuma, au mate yake yamekuingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, usingoje kuona itakuwaje.

Sasa turudi kwa Tomi. Damu ikionekana nzuri basi kwa umri huo mara nyingi ni viungo, nyonga na magoti vimesagika, na kila akiinuka ni mfupa juu ya mfupa. Tatizo ni kwamba maumivu ya mbwa hayana kelele, watu wanangoja alie na yeye halii. Mtizame akiwa hajui kama unamtizama. Anahema ulimi nje hali yupo kivulini na upepo unavuma? Analamba goti lile lile mpaka manyoya yametoka? Anazunguka zunguka hapati pa kujilaza, akishajilaza anajikunja mgongo? Hayo ndo makelele yake. Dawa ya maumivu ya mbwa ipo, meloksikamu, kwa kipimo cha daktari, akishakula, na asiwe na figo mbovu, na nimeona mbwa wa miaka 12 wakapata miezi mizuri mengine kwa dawa hiyo peke yake. Ila nakuomba sana dada yangu, tena sana, usimpe panado, usimpe brufeni wala diklofenaki. Najua ndo za mwanzo mtu kuzikumbuka kwa vile zipo pale juu ya kabati, lakini brufeni na diklofenaki zinamtoboa mbwa tumbo na kumuua figo, na panado inamharibu ini na damu. Nimeshika mikononi mwangu mbwa ambae angeishi, akitapika damu, kwa sababu tu alieumia roho ni mwenyewe akamuonea huruma kwa kidonge cha binaadamu.

Na wakati huo unamtizama, mtunze. Gunia limejazwa majani makavu au nguo kuukuu juu ya jamvi, pahala pa kivuli, maji karibu ya mdomo, umgeuze ubavu kila baada ya saa tatu nne asije akatoka vidonda vya kulalia. Mkojo usimkaukie mwilini, msafishe kwa maji ya uvuguvugu umfute akauke, kwa sababu mbwa mwenye mkojo na asoweza kujisogeza anatua inzi, na inzi wanazaa funza, khasa masika. Ukiona funza kwenye ngozi yake usisubiri hata siku moja, ita mtu siku ile, ile ni hali inayomla mbwa akiwa hai.

Haya, lini.

Tundika kalenda ya ukutani, na kila usiku kabla hujalala mpe Tomi alama kama mwalimu wa skuli, vema kama siku ilikuwa nzuri na kosa kama ilikuwa mbaya. Usiandike ulivyojisikia wewe, andika alivyokuwa yeye. Halafu juu ya kalenda andika vitu vitatu anavyovipenda Tomi mwenyewe tokea zamani, wewe unamjua mimi simjui, labda ukoko wa wali wenye mchuzi wa samaki, labda kumpokea binti yako akitoka chuoni, labda kujilaza pale anapoiona njia ya shamba. Vikishapotea viwili katika vitatu, na wiki ikawa na makosa mengi kuliko vema, mimi hapo sisubiri tena. Na kwa vile nyinyi mpo watu watatu na kila mtu na lake, kuna kipimo cha daktari mmoja wa Marekani anaitwa Alice Villalobos, kina mambo saba, maumivu, kula, maji, usafi, furaha, mwendo, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya, kila jambo unalipa alama kutoka 0 mpaka 10, 10 ndo hali nzuri kabisa, hata kwenye maumivu 10 maana yake hana, jumla ikizidi 35 maisha yake bado yanabebeka. Kaeni wewe, mama na kaka, kila mtu na karatasi yake, msichunguliane, halafu mzifunue pamoja. Nimefanya hivi kwenye nyumba zilizokuwa zinagombana, na mara nyingi ukizifunua zile karatasi unakuta watu wameona kitu kimoja, walichotofautiana ni maneno tu.

Lakini kalenda ni nusu ya jibu. Nusu nyengine ni huku tunakoishi. Vitabu vya kazi yetu vimeandikwa kwa miji yenye kliniki usiku kucha, na sisi tunajua mambo yalivyo, saa nane za usiku Makunduchi unamwita nani? Ntakusimulia kosa langu mwenyewe. Nilikuwa mwaka wa pili kazini, Pemba, upande wa Micheweni, mzee mmoja akaniita siku ya Alkhamis, mbwa wake wa shamba tumbo limejaa maji, pumzi fupi, lakini alinyanyua kichwa aliponiona na akakubali kipande cha samaki mkononi mwa mzee wake, nikasema huyu bado, tumpe mpaka Jumatatu. Jumamosi usiku ikapiga mvua ya masika, njia ikakatika, simu wakati ule hakuna kijiji kile, na mbwa akaanza kukosa hewa saa za mwanzo za usiku mpaka karibu na alfajiri. Mzee alikaa nae chini ya makuti ya banda la mbuzi na koroboi. Nilipofika asubuhi na mkoba wangu hapakuwa tena na kazi ya mkoba, mzee alikuwa keshamfunika na upande wa kanga, miguu yake yote tope, hakunilaumu hata neno, alinitilia maji ninawe. Kile kipande cha samaki cha Alkhamis nnakifikiria mpaka leo, kwa sababu nilikisoma vibaya, nilidhani kinaniambia bado, kumbe ndo ilikuwa siku yenyewe, ana hamu ya kula, anamjua mzee wake, jua limewaka, njia kavu na dawa ninayo.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili. Usingoje siku ambayo haitakuwa na shaka tena, siku hiyo kwetu huku inakuja usiku. Chagua siku Tomi angali anakujua kuwa ni wewe, ungali unaweza kumpigia simu daktari mchana na akafika. Utajisikia kama umemuwahi. Najua, kila mtu anajisikia hivyo.

Kaka yako usimgombeze. Anachotaka yeye ni kile kile unachotaka wewe, mnyama asiteseke, na wanaume wengi wa shamba wamekua wakiona hivyo ndivyo inavyofanywa. Mwambie tu kwa upole kwamba rungu moja mara nyingi haliwi moja, mkono unatetemeka maana nae anampenda yule mbwa, pigo linateleza, na mbwa anakufa akimuona anaemuamini ndie anaempiga. Sumu ndo kabisa msiitaje, ni masaa ya kukakamaa na kutetemeka akiwa na akili zake, na kesho yake wanakufa kuku na paka wa jirani. Na kumpakia kwenye gari ukamwachie msituni pia nimeona watu wakifanya, mbwa wa miaka 13 asoweza kuinuka, anakaa pale pale alipowekwa mpaka kiu immalize. Mpe kaka kazi nyengine, ntakwambia ipi.

Mama yako nae anasema kweli, roho ni ya Mungu. Mimi si sheikh, na masheikh niliowauliza mimi mwenyewe miaka yote hii hawakunijibu sawa, yupo anaesema mnyama asiye na tiba anaeteseka anapumzishwa, na yupo anaesema aachwe ahudumiwe mpaka siku yake ifike. Muulizeni sheikh wenu mnaemuamini, ila mwelezeni hali yote, kwamba keshapimwa, kwamba dawa zimejaribiwa, kwamba ana maumivu. Wote hawakhitalifiani kwamba mnyama haadhibiwi, na kwamba Mtume katuamrisha ihsani katika kila kitu, hata katika kuua. Na yule mtu alieteremka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu akaghufiriwa, mama anamjua vizuri kuliko mimi. Ikiwa mtafuata rai ya mama, basi kumuacha si kumtelekeza, ni dawa ya maumivu kila siku, maji kwa kijiko, kugeuzwa, kusafishwa, na mtu wa kukaa nae. Lakini nisikudanganye, ile ya kulala usiku akaamkia amekufa inatokea kwa wachache, wengi wanachukua siku kadhaa na si siku nzuri.

Mkikubaliana na sindano, muulize daktari mapema mambo mawili, bei, na dawa gani atatumia. Inayotakiwa ni ya usingizi kwa kipimo kikubwa, pentobabitali ndo yenyewe, na hii haipatikani kila siku huku visiwani kwa hiyo inataka kuagizwa, sababu nyengine ya kutongoja dharura. Kama hana, lazima kwanza amlaze kwa usingizi mzito wa operesheni ndo amchome nyengine. Mtu akikwambia atamchoma dawa ya kusimamisha moyo mbwa akiwa macho, mwambie asije.

Siku yenyewe asubuhi mpe anachokipenda, lakini kidogo na mapema, sindano ya kwanza ya kutuliza inawatapisha baadhi yao. Afanyiwe pale pale anapolala siku zote, asibebwe kwenye gari. Sindano ya kwanza ni ya nyama, inauma kidogo kama chanjo, halafu unakaa nae dakika kumi au kumi na tano, utaona kichwa kinazidi kuwa kizito kwenye paja lako, masikio yanalegea, hata ile mikunjo ya juu ya macho inafunguka, wengi ndo usingizi wao wa kwanza usio na maumivu kwa miezi. Zungumza nae hapo, huenda bado anakusikia. Kisha daktari ananyoa manyoya kidogo mguu wa mbele anaingiza sindano kwenye mshipa, na ndani ya dakika moja mbili moyo unasimama. Macho hayatafumba, hilo ujue kabla lisikutishe. Anaweza kuvuta pumzi moja kubwa au mbili baada ya kufa, misuli ikacheza, mkojo ukatoka, hajui lolote hapo. Daktari asiondoke mpaka asikilize kifua kwa dakika tano nzima.

Na mshike. Watu wengi wa kwetu wanasimama mbali kwa ajili ya najisi, na mimi nimesoma chuoni kama wewe, mkono mkavu juu ya manyoya makavu hauna cha kuosha, na ukilowa mate yake basi maji mara saba moja kwa udongo, udongo si upo hapo hapo? Yule mbwa kalinda mihogo yako miaka 13 kwenye umande, mwache afe kichwa chake kikiwa kwako.

Binti yako anatoka nje kwa sababu anasikia mnavyozungumza na hakuna aliemwambia yeye. Mkalishe umwambie kwa neno lenyewe, Tomi atakufa, siku fulani, daktari atamsaidia asiumie. Usimwambie amelazwa wala amesafiri, mtoto aliepoteza baba akiambiwa mbwa kalala hakuamka anaogopa kulala yeye. Muulize kama anataka kuwepo, na jibu lolote atakalotoa ulikubali, akibadilisha mawazo dakika ya mwisho pia ukubali.

Kazi ya kaka ni shimo. Nyinyi huko mpo juu ya mawe, sururu inagonga jiwe kabla ya futi moja, na ndo maana mbwa wengi wa Kusini wanafukiwa juu juu wakafukuliwa usiku ule ule. Atafute pahala penye kinongo au kichanga, mbali na kisima, ashuke mita moja au zaidi, na achimbe siku moja kabla, si mbwa akiwa keshalala hapo jua linapiga. Hii si kwa heshima yake tu, ile dawa inabaki mwilini, kunguru au paka au mbwa mwengine akila nae anaweza kufa. Mfukieni siku ile ile, udongo ushindiliwe, na juu yake mpange mawe makubwa, hayo alhamdulillahi mnayo.

Ule uzi wa nyavu na kauri daktari ataufungua kabla hajanyoa mguu. Mwambie amkabidhi binti yako mkononi, asiuweke chini.